Kuvundika ndizi na kutunza mboga za majani: mwongozo kamili wa jinsi kijani kinavyovunjika

Ndizi za aina ya Williams zilizovundikwa Kisumu mwezi wa Februari mara nyingi huwa laini na tamu huku ganda likiwa bado la kijani, na mteja anazipita. Ndizi hizo hizo zikivundikwa Nakuru mwezi wa Julai hutoka na manjano yaliyofifia, yanayoelekea kijivu, na ukikwangua ganda kwa ukucha unakuta mistari ya kahawia chini yake. Wauzaji husingizia mbegu au mkulima. Kosa, mara nyingi, ni joto.

Kulainika kwa nyama ya ndizi na kuondoka kwa kijani kwenye ganda ni kazi mbili tofauti. Zote mbili huamshwa na gesi moja, ethilini, lakini hazipendi joto lile lile. Joto likizidi, nyama inaendelea kuiva na ganda linabaki nyuma. Baridi ikizidi, ganda linaumia na nyama inabaki ngumu. Anayevundika ndizi kwa biashara anapaswa kuzisimamia kazi hizo mbili zifike pamoja, na ili aweze, ni vizuri ajue kijani chenyewe kinaondokaje.

Kinachotokea ndani ya ganda na jani

Kijani ni klorofili. Molekuli yake ina duara lenye chembe moja ya magnesiamu katikati, na mkia mrefu wa kaboni 20 unaoishikilia ndani ya utando wa kloroplasti, vile vifuko vidogo vya seli vinavyobeba kijani. Ziko aina mbili kuu kwenye mimea yetu, a na b, na zimefungamana na protini zinazosaidia jani kunasa mwanga.

Jani linapozeeka au tunda linapoiva, mmea huivunja klorofili kwa mpango, hatua kwa hatua, kwa kutumia vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemikali. Kwanza klorofili b hubadilishwa kuwa a. Kisha magnesiamu hung'olewa katikati ya duara. Kinachobaki huitwa feofitini, na rangi yake ni kijani kilichochujuka kuelekea kahawia. Halafu mkia hukatwa. Baada ya hapo kimeng'enya kingine hulipasua duara lenyewe, na hapo ndipo rangi ya kijani inapopotea kabisa. Hatua hiyo inahitaji oksijeni. Ishike akilini, kwa sababu tutairudia tukifika kwenye hema la kuvundikia. Mabaki hupitia umbo jekundu kwa muda mfupi sana, kisha umbo linalong'aa samawati chini ya mwanga wa urujuanimno, na mwishowe huhifadhiwa ndani ya vakuoli, yaani mifuko ya akiba ya seli, yakiwa hayana rangi.

Mabaki hayo yasiyo na rangi yalikuwa fumbo kwa miaka mingi, kwa kuwa si rahisi kutafuta kitu kisichoonekana. Mwaka 1991 mwanakemia Bernhard Kräutler na wenzake walieleza umbo la mojawapo kutoka kwenye majani ya shayiri, na mwaka 2008 kundi lake lilionyesha kwamba ndizi mbivu ya manjano hung'aa samawati chini ya taa ya urujuanimno kwa sababu ya mabaki ya lile umbo linalong'aa. Unaweza kujionea mwenyewe. Chukua taa ya kukagulia noti, ingia chumba chenye giza, weka ndizi ya kijani kando ya ndizi ya manjano, uwashe. Ya manjano itatoa mng'ao wa samawati. Ya kijani itabaki imefifia. Ikiwa ndizi imeanza kutoa madoa ya kahawia, angalia ukingo wa kila doa: utaona duara linalong'aa zaidi. Hizo ni seli zinazoelekea kufa.

Kwa nini mmea usiiache klorofili ijifie yenyewe? Kwa sababu klorofili iliyoachana na protini zake huendelea kunasa mwanga bila pa kuupeleka, na nguvu hiyo huzalisha oksijeni kali inayochoma seli. Jani linalozeeka linahitaji kubaki hai hadi limalize kuhamisha mali yake, na mali hiyo ni nyingi: kloroplasti hubeba takriban robo tatu ya nitrojeni yote ya jani. Nitrojeni inayorudishwa kwenye shina, mbegu na majani machanga ni ya protini. Ile kidogo iliyomo ndani ya klorofili yenyewe hubaki kwenye jani na kuanguka nalo.

Manjano ya ganda la ndizi hayatengenezwi upya siku ya kuiva. Karotenoidi, yaani rangi za manjano, zilikuwemo tangu mwanzo, zimefunikwa na kijani. Nyanya ni tofauti: klorofili inavunjika na wakati huo huo nyanya inatengeneza likopeni, rangi nyekundu mpya. Tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu nyanya za kanda ya ziwa, kama tutakavyoona.

Jambo moja la pembeni, kwa wapenzi wa minji. Ile minji inayobaki ya kijani hata ikikauka ina hitilafu ya kurithi kwenye protini inayong'oa magnesiamu. Ni tabia ile ile ambayo Gregor Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, aliifuatilia katika karne ya 19 alipokuwa akihesabu mbegu za kijani na za manjano. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2007.

Ni matunda gani yanayovundikika

Ndizi, embe, parachichi, papai, pera, nyanya na karakara yanaendelea kuiva baada ya kuchumwa, mradi yalikuwa yamekomaa. Machungwa, malimau, nanasi, tikitimaji na stroberi hayaendelei. Chungwa ukilivundika litapoteza kijani, kwa kuwa ganda lake linaitikia ethilini, lakini sukari haitaongezeka hata kidogo. Na katika joto la mchana na usiku la nyanda za chini, chungwa huweza kuwa limeiva vizuri mtini huku ganda bado la kijani. Lionje kabla ya kulihukumu.

Parachichi nalo halifuati kanuni ya rangi. Fuerte huiva likiwa la kijani. Hass hugeuka jeusi. Bonyeza karibu na kikonyo, usitazame ganda.

Hatua ya kwanza: chagua mkungu uliokomaa na usio na ugonjwa

Ndizi isiyokomaa huweza kugeuka manjano na bado ikakosa utamu, kwa sababu wanga wa kugeuzwa kuwa sukari haukujaa. Tazama kingo za vidole: ndizi changa ina pembe kali, iliyokomaa imejaa na pembe zimezibika zikaelekea mviringo. Mabaki ya ua kwenye ncha yamekauka na yanavunjika ukiyagusa. Kwa kawaida ni miezi 3 hadi 4 tangu ua lijitokeze, na maeneo ya baridi huchukua zaidi. Usingoje kidole cha kwanza kigeuke manjano mtini. Kikigeuka, mkungu mzima umeshaanza na huwezi tena kuupangia siku ya soko.

Mkungu ambao vidole vichache vimegeuka manjano hapa na pale, vingine vikiwa vichanga kabisa, ni wa kutilia shaka. Kata kidole kimoja katikati. Ukiona nyama ina madoa ya rangi ya kutu, na shina la mgomba likikatwa linatoa ute wa manjano hafifu, huo ni mnyauko wa bakteria, ambao uliripotiwa magharibi mwa Kenya mwaka 2006. Usiupeleke sokoni, usiuchanganye na mikungu mingine, na panga lililoukata lipitishe motoni hadi liwe la moto kabla halijagusa mgomba mwingine.

Hatua ya pili: kata, ondoa utomvu, osha

Kata mkungu asubuhi, usiuburute. Tenganisha chana kwa kisu kikali na uache kipande cha shingo cha takriban sentimita 2. Chana lililokatwa hadi kwenye vidole huoza shingoni. Weka chana shingo ikitazama chini juu ya majani makavu kwa dakika 15 hadi 20 ili utomvu umwagike chini badala ya kutiririka juu ya vidole, maana utomvu ukikauka kwenye ganda huacha doa jeusi lisilotoka, nawe utadhani ni ndizi iliyoumia.

Osha kwa maji safi. Kuzuia kuoza kwa shingo, tumia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5: kijiko kimoja cha mezani (mililita 15) kwa lita 5 za maji. Chovya dakika 2 au 3, toa, acha zikauke kabisa kivulini. Maji yakichafuka kwa utomvu na udongo, klorini imekwisha nguvu, badilisha.

Hatua ya tatu: andaa mahali pa kuvundikia

Kwa kilo 40 au chini ya hapo, pipa la plastiki la lita 200 linatosha, lisijazwe hadi juu. Kwa kilo 120 hivi, panga kreti 6 za kilo 20 katika safu mbili juu ya mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni, kisha funika kwa karatasi ya nailoni nzito na ukandamize kingo zake kwa mchanga; hilo ndilo hema lako. Kreti ziwe na matundu. Panga chana zikiwa zimegeuza mgongo juu, na acha nafasi ya upana wa vidole viwili kati ya safu. Ndizi zilizobanana hujipasha joto zenyewe, kwa sababu tunda linaloiva linapumua kwa kasi na kutoa joto. Za katikati huweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya hewa iliyo nje ya kreti.

Weka beseni la maji au gunia lililoloweshwa ndani ya hema. Unyevu wa hewa unaofaa ni asilimia 90 hadi 95. Hewa ikiwa kavu, ganda hukosa mng'ao, hunyauka kwenye shingo, na kila mkwaruzo mdogo hugeuka mweusi. Ila maji yasidondokee ndizi.

Nunua kipimajoto chenye ncha ya kuchomeka. Ni kifaa cha bei ndogo na ndicho chenye thamani kuliko vyote katika kazi hii. Chomeka ncha kwenye nyama ya kidole cha katikati ya kreti ya katikati, na usome hapo. Joto la chumba halitoshi kukuambia lililo ndani ya tunda.

Hatua ya nne: ethilini

Vyumba vya kisasa hutumia ethilini sehemu 100 hadi 150 kwa kila milioni ya hewa, kwa saa 24 hadi 48. Asiye na mtungi hutumia matunda mabivu. Karakara, ambazo wengi wetu huziita pasheni, ni miongoni mwa matunda yanayotoa ethilini kwa wingi zaidi. Kwa kadirio la kazi, weka kilo 1 hadi 1.5 za pasheni mbivu kwa kilo 40 za ndizi, au kilo 4 za ndizi mbivu zisizooza, zikitawanywa katika mifuko ya wavu kwenye kona zote badala ya kurundikwa juu. Zilizooza zisiingie, kwa kuwa huleta kuvu.

Wako wanaotumia moshi. Ni kweli moshi una ethilini, lakini una pia monoksidi ya kaboni, gesi inayoua bila harufu. Jiko la makaa au la mafuta lisiwekwe ndani ya chumba cha kuvundikia ambamo mtu huingia.

Kabaidi usiiguse. Ikikutana na unyevu hutoa asetilini, ambayo huigiza ethilini, lakini kabaidi ya viwandani huja na mabaki ya arseniki na fosfini, na asetilini yenyewe hulipuka. Zaidi ya hayo, ndizi zake mara nyingi huwa na ganda zuri na ladha hafifu. Ukiamua kutumia dawa ya ethefoni, nunua iliyosajiliwa kwa matumizi hayo, ufuate kibandiko chake neno kwa neno.

Hatua ya tano: funga, fungua, funga

Funga hema saa 24 za kwanza bila kulifungua. Kisha lifungue dakika 20 hadi 30, punga hewa yote ya ndani itoke, funga tena. Rudia kila baada ya saa 12 hadi ndizi zianze kugeuka.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuamini kwamba hema likifungwa kabisa ndizi zitaiva haraka. Ndizi zinavuta oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi ikipita asilimia 1 huanza kuzuia ethilini isifanye kazi, na oksijeni ikipungua sana, kile kimeng'enya kinachopasua duara la klorofili kinakosa cha kutumia. Matokeo yake ni ganda la kijani na harufu ya pombe. Ukifungua hema ukakutana na harufu hiyo, liache wazi saa nzima.

Hatua ya sita: joto, kwa Kisumu na kwa Nakuru

Lenga nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi kwenye nyama ya tunda. Hadi 20 bado utapata rangi nzuri. Kwa Williams na Grand Nain, ambazo zote ni za jamii ya Cavendish, ikifika nyuzi 24 na kuendelea klorofili inavunjika polepole mno huku wanga ukiendelea kugeuka sukari kama kawaida. Ndiyo maana ya ile ndizi laini ya kijani ya Februari. Aina za mkono wa tembo hazina shida hiyo; ganda lake hugeuka manjano hata kwenye nyuzi 35. Kwa hiyo usichukue ratiba ya aina moja ukaitumia kwa nyingine kabla ya kujaribu chana moja.

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mchana hewa hukaribia nyuzi 30. Funga hema jioni, baada ya ndizi kukaa kivulini zikapoa. Tumia chumba chenye sakafu ya udongo au saruji, upande usiopigwa na jua la alasiri. Zungushia hema magunia yaliyoloweshwa na uache upepo upite juu yake. Baada ya saa 24 za ethilini, fungua hema usiku kucha kwa feni au madirisha wazi, ulifunge asubuhi. Lakini kwa maoni yetu, mfanyabiashara wa soko la Kibuye au Jubilee anayeuza Cavendish kwa wingi atafanya vizuri zaidi akimlipa mtu wa Kisii au Nyamira azivundike huko juu kwenye ubaridi, kisha zishuke zikiwa zimeanza kugeuka. Zikishafikia hatua hiyo, joto la mjini halizirudishi kijani. Linachofanya ni kufupisha siku zake mezani.

Nakuru iko karibu mita 1,850, na usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 13. Huo ndio mpaka wa ndizi. Chini yake mirija ya utomvu iliyo chini ya ganda huharibika na kuwa ya kahawia, na hakuna joto litakalorekebisha. Weka madumu mawili ya lita 20 yenye maji ya moto ndani ya hema saa mbili usiku, yasigusane na ndizi, na ufunike hema kwa blanketi. Ndizi zilizofika zikiwa baridi zipashwe hadi 16 kabla ya kuwekewa ethilini, la sivyo unapoteza gesi bure. Na usisahau barabara: pikapu inayopanda Mau Summit usiku bila turubai huweza kuharibu mzigo kabla haujafika Soko la Wakulima. Funika kwa majani makavu ya mgomba chini ya turubai.

Hatua ya saba: soma rangi, utoe kwa wakati

Wafanyabiashara wa ndizi hutumia ngazi 7. Ya 1 ni kijani kitupu. Ya 2, kijani kimeanza kupauka. Ya 3, kijani bado kimezidi manjano. Ya 4, manjano yamezidi. Ya 5, manjano na ncha za kijani. Ya 6, manjano matupu. Ya 7, manjano yenye vidoa vya kahawia. Kwenye nyuzi 18 utafika ngazi ya 4 kwa siku 4 hivi. Kwenye nyuzi 14, ni kama siku 8. Muuzie wa jumla kwenye ya 3 au ya 4, mama wa kibanda kwenye ya 5. Zilizofika 6 zinachubuka kwa kuguswa tu.

Ikiwa vidole vinadondoka kutoka kwenye chana, joto lilizidi. Ikiwa ganda limepasuka, joto na unyevu vilizidi pamoja. Ikiwa kreti moja imegeuka na jirani yake bado, ethilini haikusambaa, au ulichanganya mikungu ya umri tofauti. Hilo la mwisho ndilo la kawaida zaidi.

Ukitaka kinyume chake, yaani ndizi zikae za kijani siku chache zaidi zikingoja soko, zitenge na kila kitu kibivu na uweke karibu nazo mfuko wenye matundu wa vipande vya tofali vilivyolowekwa pamanganeti ya potasiamu vikakauka. Pamanganeti huila ethilini. Zambarau ikigeuka kahawia, imekwisha, loweka vingine. Visiguse ndizi, na vaa glavu.

Nyanya za joto

Likopeni hutengenezwa vizuri kati ya nyuzi 20 na 25. Kwenye nyuzi 30 na zaidi, kijani cha nyanya huondoka lakini nyekundu haitengenezwi ipasavyo, na nyanya hubaki za rangi ya chungwa au manjano. Kwa anayelima Ahero au kando ya ziwa, kuchuma zinapoanza kupata waridi kwenye kitako na kuziivisha chumbani kwenye ubaridi huleta nyekundu nzuri kuliko kuziacha juani.

Sukuma wiki, kunde na managu: kukizuia kijani kisiondoke

Kwa mboga za majani kazi inageuka. Jani lililokatwa linaendelea kupumua na kuchoma sukari yake. Sukari ikikwisha, jani linaingia katika mpango wa uzee na kuanza kujivunja. Joto huharakisha kila kitu, na ethilini pia: sehemu 1 tu kwa milioni inatosha kulifanya jani la sukuma kugeuka manjano mapema. Kwa hiyo ndizi mbivu, parachichi na pasheni zisikae kwenye kibanda kimoja na mboga, hata kwa usiku mmoja. Hili peke yake hupunguza hasara kwa kiasi kinachoonekana.

Chuma alfajiri kama unauza siku hiyo. Kama zinauzwa kesho yake, chuma jioni baada ya jua kupoa, kwa kuwa jani lililoshinda mwangani lina sukari nyingi zaidi ya kulivusha usiku. Weka kivulini papo hapo. Nyunyizia, usiloweke; maji yaliyotuama kati ya majani huleta kuoza. Funika kwa gunia la katani lenye unyevu badala ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Sukuma ya kukatwakatwa ikatwe mteja akiwa amesimama, kwa kisu kikali, maana kila jeraha huongeza kupumua na ethilini.

Kibanda cha mkaa, kinachopoza mboga kwa maji yanayokauka kwenye kuta zake, hufanya kazi vizuri zaidi kunapokuwa na hewa kavu, kwa hiyo Nakuru kitakusaidia kuliko Kisumu wakati wa mvua. Jenga kuta za wavu wa waya mara mbili, nafasi ya sentimita 10 katikati, ijaze mkaa wa vipande vidogo, na upitishe juu yake bomba lenye matundu linalodondosha maji polepole kutoka kwenye dumu. Kiwe kivulini na kipate upepo. Mkaa ukikauka, umebaki na kibanda cha kawaida tu.

Manjano yakianza shambani

Angalia ni majani yapi yaliyotangulia. Majani ya chini yakigeuka kwanza, na kwenye mahindi manjano yakifuata mshipa wa katikati kwa umbo la V kuanzia ncha, mmea unahamisha nitrojeni kutoka kwa wazee kwenda kwa wachanga. Ongeza mbolea ya nitrojeni au samadi iliyooza. Majani ya chini yakiwa manjano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki ya kijani, ni magnesiamu, na kwenye udongo wenye tindikali kama ulivyo sehemu nyingi za Kakamega na Vihiga, chokaa ya dolomaiti huisaidia mimea kwa njia mbili, kupunguza tindikali na kuleta magnesiamu. Majani machanga yakitangulia kuwa manjano kati ya mishipa, tafuta upungufu wa chuma, hasa kwenye udongo wa magadi wa chini ya Bonde la Ufa. Migomba ya aina ya sukari au Kampala ikianza na majani makuukuu kuwa manjano kutoka pembeni kisha kuvunjika kwenye kikonyo, hiyo si njaa ya mbolea. Huenda ni mnyauko wa Fusari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, nao hauna dawa.

Na kijani cha sufuriani

Managu yanapogeuka rangi ya kaki jikoni, ni ile hatua ya magnesiamu kung'oka, safari hii kwa moto na tindikali badala ya kimeng'enya. Tindikali hutoka kwenye majani yenyewe. Chemsha maji kwanza hadi yatokote, tia mboga, na uache sufuria bila kifuniko dakika za mwanzo ili tindikali inayoruka na mvuke itoke. Nyanya, ndimu au maziwa lala yaingie mwishoni. Munyu wa kienyeji na magadi huhifadhi kijani kwa sababu huua tindikali, lakini vikizidi mboga hulegea kama uji na vitamini C hupungua. Ncha ya kijiko cha chai kwa lita 2 za maji inatosha.